Naomba ushauri: jaribio la furosemaidi (dawa ya kukojoza) kwa figo zilizogoma kwenye malaria kali

Habari wakuu, hasa mlio wodini. Swali ni la hospitali za wilaya mkoani Kigoma, mfano Kakonko au Kibondo, ambako mashine ya kusafisha damu iko mbali na rufaa ikichelewa imechelewa kweli.

Mtu mzima wa kilo 60, malaria kali, mkojo haufiki mililita 30 kwa saa, saa 6 mfululizo. Kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ya zamani hana, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Atesuneti, dawa ya malaria, inaendelea dozi ileile. Jentamaisini (antibiotiki) na diklofenaki (ya maumivu) zinasimamishwa kwa sababu huumiza figo.

Dripu ndiyo inayoua kimyakimya. Aliyekauka anahitaji maji, lakini ambaye mapafu yameanza kukoroma ukimfungulia lita nyingine unamzamisha. Hapo hakuna dozi ya wote.

Akishakaa sawa kwa maji, furosemaidi miligramu 60 kwenye mshipa (1 kwa kilo, 1.5 kama aliitumia wiki hiyo). Si tiba, ni kipimo. Mkojo ukiwa chini ya mililita 200 ndani ya saa 2, figo huenda zikazidi kuzorota. Upimwe kwa jagi, maana alama za mfuko wa mkojo hudanganya, na mpira wa mkojo uhakikiwe haujaziba.

Je, mpaka huo wa 200, uliotoka kwa wagonjwa mahututi wa nchi nyingine, mnauamini kwenye malaria? Mnampa rufaa palepale au mnasubiri kipimo cha potasiamu (chumvi ya damu inayopanda figo zikishindwa)? Na mtoto wa kilo 12 mnampimaje?