Wakuu naomba ushauri: .30-30 ya leva, kichwa cha risasi cha grain (kipimo cha uzito) 150 au 170? Msimu wa kulungu umekaribia

Mtoto wa Geita: Wakuu habari. Niko huku Pennsylvania, nimenunua Marlin 336 ya .30-30, ile bunduki ya kukoki kwa leva, mkono wa chini ya kitako, na msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Risasi za dukani bei imepanda nikaamua nijaze mwenyewe nyumbani. Grain 150 au 170? Usingizi sipati.

Mama Neema: Supamaketi nyama zimejaa, kulungu wa watu kakukosea nini?

Babu Gobore: Umenikumbusha marehemu baba mdogo kule Tabora, gobore lake anashindilia baruti kwa ufito, akipiga moshi unatanda tunasubiri uishe ndo twende kuangalia kama kapata.

Fundi Leva: Zote zinaua. 150 inatoka kama futi 2,390 kwa sekunde, 170 kama 2,200, ndani ya yadi 100 kulungu hatofautishi. Ila vichwa ulivyonavyo ncha ikoje?

Mtoto wa Geita: Vizuri tu mkuu, vya kampuni kubwa.

Fundi Leva: Sijauliza kampuni. Bapa, duara au kali?

Mtoto wa Geita: Kali kidogo. Jamaa wa kazini anatumia kwenye bunduki yake ya .308 kanipa boksi bure, kipenyo ni kile kile. Na nishajaza nusu. Ncha kali si ndo inaenda mbali, sioni shida.

Fundi Leva: Usizipakie! Magazini ya 336 ni tyubu chini ya mtutu, risasi zimepanga foleni, ncha ya nyuma imekaa kwenye kitako cha ya mbele, na hapo katikati ndo ilipo fataki, ile inayowasha baruti. Ukipiga, bunduki inaruka, springi inasukuma, ncha inagonga fataki kama pini, ikilipuka mkono wako wa kushoto umeshika hapo hapo. Ukitaka ncha kali nunua vichwa vya Hornady FTX, ncha yake ni laini. Halafu vya .308 vimeundwa kwa mwendo mkubwa, kwenye .30-30 kinaweza kutoboa bila kufunguka, mnyama akaenda kufia vichakani.

Mtoto wa Geita: Nikiweka moja chemba moja kwenye tyubu?

Fundi Leva: Wapo wanaofanya hivyo, mbele hakuna cha kugongwa. Ila risasi ikizidi inchi 2.55 itakwama, na vidole vikiganda kwa baridi utasukuma ya tatu bila kujua.

Mchunguzi Huru: Hii chai. Mwezi jana huyu huyu alikuwa analia matikiti yanakauka Kibaha, leo ana Marlin Pennsylvania? Tupia picha.

Mtoto wa Geita: Shamba la kaka, mimi natuma hela tu. Kadi ya kijani ninayo, leseni ya kuwinda ninayo. Picha hiyo hapo.

Babu Gobore: Matikiti yalipona?

Fundi Leva: Nimeiona. Hiyo sio kali kidogo, ni sindano. Tafuta ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, zote uzivunje, weka bapa, yoyote kati ya 150 na 170, kunja mdomo wa ganda kwenye mfereji wa kichwa springi isikisukume ndani. Kipimo cha baruti usichukue humu, fungua kitabu uanze cha chini.

Mtoto wa Geita: Nyundo ya kawaida haifai?

Fundi Leva: HAIFAI. Njoo inbox kabla hujagusa kitu.