Mrejesho: Mvutano wa mwonekano mpya wa LibreOffice ofisini

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu mvutano wa ofisini kwetu, ambapo vijana walitaka LibreOffice (programu ya bure ya kuandika nyaraka na kufanya hesabu) iwe na vichupo, yaani vitufe vilivyopangwa kwa makundi juu ya ukurasa, kama Microsoft Office tangu toleo la 2007, huku mhasibu wetu wa siku nyingi akitaka menyu alizozizoea. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kumwachia kila mtu achague mwonekano wake kupitia menyu ya View, sehemu ya User Interface. Mwanzoni haukufaulu, kwa kuwa kompyuta ilitumiwa na wote kwa akaunti moja na chaguo la mmoja likawabadilikia wengine. Nilipomfungulia kila mtu akaunti yake, tatizo likaisha.

Ushauri wa kujifunza vibonye vya mkato umefaa nusu tu. Mama mhasibu sasa anatumia Ctrl+Shift+V kila siku kubandika tarakimu bila fomula, lakini orodha ndefu niliyoibandika ukutani haikusomwa na mtu. Ningeanza na vibonye vitatu. Naamini hakuwa mkaidi: mikono yake ilikuwa imekariri njia, nasi tuliibadilisha wakati wa kufunga hesabu.