Likizo ya Tanga na watoto watatu na mama mkwe, nipangeje tusirudi tumechoka?

Mama_Watatu
Habari za humu jamani, wakubwa shikamooni. Naomba msaada hasa nyie mliopo Tanga au mliokulia huko. Shule zikifunga mwezi wa sita mie na baba watoto tunataka kuja Tanga siku tano hivi, tunatokea Dar kwa basi, watoto ni watatu, mkubwa miaka 9, wa kati 6, mdogo ndo kwanza miwili bado yupo kwenye pampasi. Mama mkwe tunakuja nae, mzima wa afya ila magoti yanamsumbua. Sasa baba watoto kaandika ratiba, mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, Pangani, Saadani, Lushoto, yani kila siku saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, nikiiangalia ile karatasi nachoka hata begi sijafunga. Ninachotaka watoto wafurahi, bibi yao afurahi, na mie mwenyewe nipumzike kweli, isiwe nimelihamisha jiko la Dar nimelipeleka Tanga, kule kule kuamka kuchemsha chai na kufua na kugombeza watu. Nipunguze nini nibaki na nini? Alafu bahari ya huko inaogeka kwa watoto au ni matope na mikoko tu? Bajeti yetu ya kawaida, sio ya hoteli za watalii.

mtoto_wa_chumbageni
Karibu sana dada. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila wewe na watoto usije kwa mwendo huo.

Lushoto itoe kabisa. Kutoka Tanga mjini unarudi mpaka Segera, Korogwe, Mombo, ndo unaanza kupanda mlima kwa kona zaidi ya kilometa 30, na mtoto wa miaka miwili kwenye zile kona utakuwa unashika mfuko wa kutapikia njia nzima. Lushoto ni kuzuri mno, baridi yake, Irente ukisimama pale unaona tambarare yote ya chini, lakini ni safari yake peke yake, mje mwaka mwingine. Saadani nayo inataka gari lenu na siku nzima, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na raha yake ni kuona wanyama karibu na bahari, sasa kukimbia asubuhi kurudi jioni mtaona vumbi tu. Baba watoto asijisikie vibaya, orodha yake ni nzuri, ila ni ya watu wazima wawili wenye gari.

Mnabaki na mji, bahari, Amboni na siku moja ya Pangani. Kitu kimoja kwa siku, na kiwe cha asubuhi. Toka saa mbili saa tatu, ikifika saa sita uko kivulini watoto wanakula, mdogo analala saa yake ile ile aliyozoea nyumbani. Usingizi wa mchana wa huyo mdogo ndo uulinde kuliko kiingilio chochote, akikosa huo jioni nzima ya familia imeharibika. Baada ya saa kumi jua limepoa ndo mnashuka tena. Na acha siku moja katikati isiyo na chochote, waamke wanavyoamka, wacheze mchanga, nyie wakubwa mkae. Najua mwanaume ataona siku imepotea, lakini mtoto wa miaka 6 hiyo siku ya mchanga ndo atakayoisimulia shuleni.

Bahari: hapa mjini nendeni Raskazone, maji ya ndani ya ghuba yametulia, kuna klabu ya kuogelea unalipa kiingilio kidogo, mnakaa hata kutwa, mama anapata kiti na kivuli. Mikoko na matope ipo ndio, ila sio kila mahali, na inategemea sana maji yapo wapi. Hilo naomba wanaojua zaidi yangu waeleze.

babu_wa_kigombe
Marahaba mwanangu. Mwenzangu hapo juu kasema vyema, mie naongezea habari ya maji maana wageni wengi wanakuja na ratiba ya saa ya mkononi, bahari ina ratiba yake.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Siku hizo kwenye pwani yetu hii maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa yamekwenda mbali kabisa, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Ukimleta mtoto saa nne ya bamvua ukitegemea aogelee atakuta mchanga na vidimbwi. Asilie, hiyo nayo ni raha yake, mvalishe viatu vya kuloana apite kwenye vidimbwi aone kaa, visamaki vidogo, konokono, ila asikanyage wale weusi wa miiba miiba. Maji mafu, yani kama wiki moja baada ya bamvua, inakuwa kinyume, saa nne asubuhi maji yamejaa na yametulia, hapo ndo watoto wanaoga vizuri. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo jana yalijaa saa nne, leo weka saa tano kasoro. Angalia mwezi kabla ya kukata tiketi, ni bure.

Kingine, mwezi wa sita ni kusi. Nje ya ghuba upepo unavuma na mawimbi yapo, zaidi mchana. Mkitaka boti toka Pangani kwenda Maziwe ondokeni asubuhi, na nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze. Maziwe ni fungu la mchanga, maji yakijaa linafunikwa lote, na miti hakuna hata mmoja, kwahiyo mnakwenda maji yakiwa yamekupwa, na mwamvuli mnabeba wenyewe. Lile boya la kifuani kila mtoto avae la saizi yake, likimpwaya halimsaidii kitu. Huyo wa miaka miwili mimi ningemwacha pwani na bibi yake.

Mwl_Makorora
Natofautiana kidogo na wakuu, mmeitupa Tongoni bila hata kuijadili. Ipo njiani mkienda Pangani, chini ya kilometa 20 toka mjini, mnasimama nusu saa tu mnaendelea. Ni magofu ya msikiti na makaburi ya zamani zaidi ya 40, mengine yana nguzo ingawa nyingi zimeanguka, na mtoto wa miaka 9 kashaanza kusoma habari za Wareno, mwambie mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani hii na meli yake moja ikakwama kwenye mafungu hapo jirani. Nimeshawapeleka wanafunzi pale, wanapoambiwa hadithi yenye meli ndani yake wanauliza maswali mpaka muongozaji anachoka. Mpe mkubwa daftari achore anachokiona, wa kati atamuiga. Sema msikae sana maana kivuli ni kidogo.

bi_vitumbua
Shost mie nakuja kwenye jiko maana ndo kilio chako na wote wamekipita kama hawajakiona!!

Usichukue gesti ya vyumba viwili mbali mbali, tafuta nyumba au apatimenti yenye jiko na baraza, mnakuwa watu sita bei inaweza kutoka sawa na gesti au chini. Alafu mwambie mwenye nyumba akutafutie mdada wa kupika mchana na kufua, mkubaliane hela kabisa kabla hujafika. Asubuhi usiwashe hata kiberiti, Tanga hii utapata vitumbua, mahamri, chapati na maharage ya nazi mtaani, mtume mumeo na mtoto mkubwa waende na hotpoti, watoto wanapenda kutumwa wakiwa ugenini. Maziwa na mtindi wa Tanga Fresh upo kila duka, mdogo hatokosa kitu. Jioni shukeni ile bustani ya baharini karibu na mnara wa saa, muhogo, mishkaki, watoto wakimbie, nyie mkae mpunge upepo. Machungwa nunueni Muheza mkiwa kwenye basi, yakifika yote basi maana kwenye lile joto mtayamaliza.

Na mama mkwe usimfanye mgeni wa kubebwa, muulize kabisa anataka nini yeye, wengine raha yao kukaa barazani na mjukuu na kahawa, unamburuza kwenye magofu ya nini. Ila pia usimwachie watoto kila siku, mpangieni na baba yao, asubuhi moja wewe umelala mpaka saa nne, asubuhi nyingine yeye. Mseme hapo hapo Dar kabla ya kusafiri, ukingoja ufike ndo uanze kudai hautapewa.

Basi pandeni la alfajiri, watoto watalala mpaka Chalinze. Siti za mbele kwa wanaotapika, wape ndizi na mkate mkavu, chipsi mayai zikae kwanza. Wa miaka 6 mlipie siti yake, kumpakata masaa sita utafika umekufa ganzi. Namba ya simu mwandikie kila mtoto mkononi kwa peni kabla hamjashuka Kange, ile stendi ya mabasi ya Tanga, pana watu wengi. Na chandarua, uliza kabla hujalipia nyumba.

Mama_Watatu
Jamani Mungu awabariki sana, nimemsomea baba watoto yote, Lushoto kaikubali kuiacha ila Amboni kasema hatoki Tanga bila kuingia pangoni. Mama mkwe na yale magoti ataweza? Na mdogo?

mtoto_wa_chumbageni
Hao wawili wabaki nje dada. Amboni ni karibu, kama kilometa 8 toka mjini, bajaji inawafikisha. Ndani ni mawe ya chokaa, giza totoro, kuna sehemu za kupanda na kushuka na sehemu unainama mpaka unatambaa, chini kunateleza na popo wapo. Mtu wa magoti atateseka, na mdogo utambeba mgongoni unashindwa kupita. Bibi na mjukuu wakae nje kwenye miti na matunda yao.

Wakubwa wawili waende na baba yao, kila mmoja na tochi yake mwenyewe, mtoto akiwa na tochi mkononi woga unapungua nusu. Viatu vya kufunga, ndala hapana. Muongozaji atawaonyesha mawe yenye maumbo na atawasimulia habari za Osale Otango aliyekuwa akijificha humo enzi za mkoloni, huyo wa 9 atanasa hapo hapo. Kuna sehemu watu wanafanya matambiko, mtakuta vitu vimewekwa, waambie watoto mapema wasiguse. Wa miaka 6 akisema anaogopa baba yake atoke nae, asilazimishwe. Na wewe dada usiingie, hiyo ndo saa yako, kaa nje na mama mkwe mnywe madafu.

Mkishapata tarehe ziweke hapa, nitawaangalizia maji yanajaa saa ngapi hizo siku.