spyOn ya Jest imemtumia ami yangu meseji 11

binti_wete
Asalaam aleykum. Naandika kiprogramu cha kukata tiketi za boti. Nilizoea Jasmine, sasa nimehamia Jest, zote zana za kujaribia programu za JavaScript. Kwenye jaribio nikaweka spyOn juu ya fanksheni ya kutuma meseji, nikajua imeshazibwa, haitatuma kweli. Nikaendesha mara 11 usiku. Asubuhi ami ananipigia kutoka Mkoani: "Mwanangu, safari zote hizi naenda wapi?" Nambari yake ndiyo niliyoiweka ya mfano.

spyOn jina lile lile kwenye zote mbili, mbona vitendo mbali mbali? Na maelezo yao, vile vibadala vya kujaribia wanaviita mara spai, mara stabu, mara moku. Wallahi kichwa kinaniuma.

fundi_malindi
Pole, na ami mpe pole zaidi. Spai ya Jasmine inaziba fanksheni halisi mpaka uiongezee and.callThrough, yaani iachie ipite. Ya Jest inaiacha itende kazi yake, yenyewe inasikiliza tu. Ukitaka izibe, iwekee mockImplementation tupu, yaani kibadala kisichofanya kitu.

Majina hayo mimi nayashika hivi. Spai ni mdukizi: kajibanza nyuma ya mlango, anahesabu umeita mara ngapi na kwa maneno gani, ila mazungumzo hayazuii. Stabu ni kasuku aliyefundishwa jibu. Moku ni mwalimu wa chuo: aya anazijua kabla hujafungua mdomo, ukiruka moja anakusimamisha. Feki ni kingalawa cha watoto, kinaelea kweli lakini hukivukii kwenda Unguja; mfano hifadhidata ya kwenye memori. Mgawanyo wenyewe ni wa Gerard Meszaros, kitabu cha 2007.

Tabu ya Jest, neno moku wamelipaka kila mahali. jest.fn() wanaiita moku, na peke yake haina inachokitarajia. Ni mdukizi anayejibu undefined, yaani hana jibu.

mkaa_ngambo
Kasuku sikubali, stabu unaweza kuipa majibu tofauti kwa zamu. Mengine sawa. Sinon, zana nyengine ya JavaScript, angalau wametenganisha spai, stabu na moku. Lugha ya Python ndiyo usiulize: Mock ya unittest.mock, zana yake ya majaribio, inapokea chochote, unakuja kuikagua baadaye. Kwa Meszaros huyo ni mdukizi vile vile.

Na nambari ya ami itoe!

binti_wete
Basi kasuku wa maneno mengi 😂 Nimeongeza mockImplementation, kimya. Nambari nimeitoa. Ami bado anauliza zile tiketi 11 anarudishiwa pesa wapi.