MJADALA: Sensa ya Mandera, Wajir na Garissa irudiwe? Nasema irudiwe, lakini si kwa njia ile ile

Mleta mada (Isiolo)

Wadau, naomba tulizungumze hili bila kutupiana makabila.

Januari 2025, hapa kwetu Kenya, Mahakama Kuu ya Garissa ilifuta matokeo ya sensa ya 2019 kwa kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, ikaamuru watu wahesabiwe upya. Tangu siku ile nasikia kauli mbili tu. Huku kwetu kaskazini watu wanasema haki imerudi. Wenzetu wa kusini wanasema tunatafuta kuongezewa watu wa kwenye karatasi. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Ninachosema ni kwamba tukihesabu tena kama tulivyohesabu, tutapata namba nyingine ya kugombania.

Tazameni Mandera peke yake. Sensa ya 1999 ilikuta watu 250,372. Ya 2009 ikakuta 1,025,756. Ya 2019 ikakuta 867,457. Katika miaka kumi watu wameongezeka mara nne, kisha katika miaka kumi iliyofuata wamepungua zaidi ya laki moja na nusu, na hapakuwa na vita wala tauni iliyowaondoa wote hao. Nani atajenga zahanati kwa namba hizi? Nani ataagiza chanjo za watoto?

Tena hii si mara ya kwanza. Agosti 2010, waziri wa mipango wakati huo, Wycliffe Oparanya, alitangaza kwamba Wakenya ni 38,610,097, na papo hapo akafuta matokeo ya wilaya nane: Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Magharibi, na Turkana ya Kati, Kaskazini na Kusini. Aliahidi hesabu mpya. Watu wakaenda mahakamani na hesabu ile haikufanyika. Kwa hiyo tumekaa zaidi ya miaka kumi na tano bila namba ambayo pande zote mbili zinaiamini.

Sababu kubwa kwa maoni yangu ni mwezi. Sensa zetu zinafanywa usiku wa tarehe 24 Agosti, na swali ni nani amelala hapa usiku huu. Agosti kwetu ni kiangazi. Mifugo imehama, na wenye mifugo wamehama nayo, wengine wamevuka mpaka. Hesabu ifanywe wakati wa mvua, watu wakiwa nyumbani. Hilo ndilo pendekezo langu, lijadilini.

Mwalimu wa hisabati (Nyeri)

Nashukuru kwa lugha ya heshima, nami nitajibu kwa heshima. Mwezi hauwezi kueleza haya. Chukua wale 250,372 wa 1999, waongeze asilimia 4 kila mwaka, kasi ambayo ni nchi chache sana duniani zimewahi kuifikia kwa kuzaa tu. Mwaka 2009 utapata takribani 370,000. Waliobaki, zaidi ya laki sita, walitoka wapi? Waziri alipofuta zile wilaya alitoa sababu za kitaalamu: ongezeko halikulingana na vizazi na vifo, na mpangilio wa umri na jinsia haukufanana na wa jamii yoyote ya kawaida.

Halafu angalieni Garissa 2019. Wanaume 458,975, wanawake 382,344. Ni wanaume 120 kwa kila wanawake 100, ilhali nchi nzima wanawake ndio wengi. Kama ni kiangazi kimewahamisha wachungaji, basi wanaume ndio wangepungua. Mbona ndio waliozidi?

Mimi nasema tatizo ni pesa. Fomula ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Maeneobunge nayo hukatwa kwa idadi ya watu: gawanya Wakenya wa 2009 kwa viti 290 unapata 133,138 kwa kila kiti. Ukimwambia mtu kwamba kila jina analoandikisha lina shilingi na kiti nyuma yake, ataandikisha. Na hilo nalisema kwa kila eneo la nchi, la kwetu likiwemo. Mwaka 2022 Mandera ilikuwa na wapigakura kama 217,000, yaani robo ya watu wake wa sensa. Nchi nzima wapigakura walikuwa 22,120,458, karibu nusu ya Wakenya wote.

Mama wa watoto watano (Wajir)

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi lakini umeanzia mahali pasipo sahihi. Umechukua ile ya 1999 kama kwamba ndiyo kweli, ukapanda nayo. Mimi nakuuliza, 1999 ilihesabiwa na nani, na watu walijibu nini?

Mwishoni mwa 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wa Kenya nchi nzima, tukapewa kadi ya pili ya kuthibitisha kwamba sisi ni Wakenya. Miaka mitano kabla ya hapo, Februari 1984, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, hapa hapa Wajir, na wengi hawakurudi. Nilikuwa msichana mdogo. Baada ya hayo, mtu wa serikali akija na karatasi kuuliza kuna wanaume wangapi humu ndani, baba yangu alikuwa anasema mmoja. Alikuwa na wana wanne. Sisemi kila nyumba ilifanya hivyo, nasema nyumba yetu ilifanya, na nyumba za jirani niliowajua zilifanya.

Kwa hiyo 1999 watu walijificha. 2009 katiba mpya na ugatuzi vilikuwa mlangoni, watu wakaambiwa hesabiweni ndipo mpate. Wakatoka. Na sitakataa, wengine walitoka mara mbili.

Kuhusu wapigakura, kijana wa huku alikuwa anapigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupata kitambulisho, hadi Rais alipotangaza kuuondoa utaratibu huo Februari 2025. Wako waliofika miaka ishirini na tano hawana kitambulisho. Huwezi kuwahesabu watu kwa kitambulisho ulichowanyima.

Na hao wanawake wa Garissa waliopungua, wapo. Karani anakuja mwanamume, anasimama nje ya aqal, kibanda chetu cha kuhamahama, anamwuliza mzee. Mzee anataja wana wake. Binti aliyeolewa jana hatajwi kwa baba wala kwa mume.

Aliyekuwa karani wa sensa 2019 (Marsabit)

Nimesoma nikaona nichangie kwa sababu nililibeba lile begi. Mwaka ule ndio tulitumia vishikwambi kwa mara ya kwanza badala ya karatasi. Mashine ilikuwa nzuri. Ilikuwa na ramani, inakuonyesha mpaka wa eneo lako. Shida ni kwamba kijiji kilichochorwa kwenye ramani miezi kadhaa nyuma hakikuwepo. Nilifika nikakuta mawe matatu ya jiko na miiba ya boma. Watu walikuwa mwendo wa siku nzima upande wa magharibi, katika eneo la karani mwingine.

Sasa kuhusu swali la Mwalimu la wanaume kuzidi. Sisi Wagabra na Waborana tuna warra na fora. Warra ni nyumbani: mama, wazee, watoto wadogo na mifugo ya maziwa. Fora ni kambi ya vijana na ngamia wasiokamwa, mbali, inahama kila baada ya siku chache. Nilipofika warra, mama alinitajia wanawe wote. Nikamwuliza, huyu wa tatu alilala hapa? Akanitazama kana kwamba namwambia mwanawe amekufa. Kwake yeye mtoto yuko fora, maana yake yuko nyumbani. Nikamwandika. Siku mbili baadaye mwenzangu alikutana na kambi ya fora kisimani akaandika vijana wote waliokuwepo. Nina hakika yule wa tatu aliandikwa mara mbili, na hakuna aliyedanganya. Wasichana hawaendi fora, kwa hiyo hawana pa kuandikwa mara ya pili.

Sijui ni wangapi kwa jumla, na Garissa sikuwepo. Lakini kabla ya kumwita mtu mwizi wa namba, lifikirieni hilo.

Mfanyabiashara wa mifugo (Garissa)

Mnahesabu watu mkasahau mali. Walahi, hata tukikubaliana idadi ya watu, bado tutaonekana maskini wasiozalisha kitu, kwa sababu mali yetu haipimwi. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini ikaachwa kwa sababu kwenye vitabu haikuwa inazaa. Vitabu vyenyewe viliandikwaje?

Wengi wamesahau kwamba sensa ya 2009 ilihesabu mifugo pia. Ngamia walikuwa 2,971,111, karibu mara tatu ya makadirio yaliyokuwa yakitumika. Kisha mwaka 2011 wataalamu wa kituo cha sera za mifugo cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, wakapiga hesabu upya, wakaona kwamba mchango wa mifugo katika uchumi wa Kenya mwaka 2009 ulikuwa kama mara mbili na nusu ya ule wa takwimu rasmi. Maziwa anayokunywa mtoto kwenye boma hayapiti kwa karani yeyote. Maziwa ya ngamia yanayotoka Isiolo alfajiri kwenda Eastleigh, Nairobi, yanapakiwa kwenye basi na akina mama, na pesa zinarudi kwa simu. Mbuzi anayelipwa kama mahari haandikwi popote. Mandera sukari na nguo vinaingia kutoka ng'ambo ya mpaka na mbuzi wanatoka, na biashara hiyo ndiyo mji wenyewe.

Nakupinga pia wewe mleta mada, abti (mjomba). Unasema tuhesabiwe wakati wa mvua kwa kuwa watu wako nyumbani. Nani amekwambia? Mvua ikinyesha maji yapo kila mahali, silanga (mabwawa ya mvua) zimejaa, kila familia inakwenda na malisho inakotaka. Hapo ndipo tunapotawanyika. Na gari la karani litazama kwenye udongo mweusi kabla ya kufika Modogashe. Ukitaka kutupata, tafuta jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Jilaal haina mahali pa kujificha. Ngamia anavumilia siku nyingi lakini mwishoni lazima aje kisimani, na mbuzi haraka zaidi. Kaa kisimani utaona kila mtu.

Mwalimu wa hisabati (Nyeri)

Hoja ya fora nimeipokea, sikuwahi kuisikia na inaingia akilini. Ya mama wa Wajir pia nimeielewa, namwomba radhi kwa lile la vitambulisho. Lakini kisimani utamhesabu nani? Familia kutoka Wajir ikinywesha Isiolo, ni watu wa kaunti gani? Mtaanza kesi nyingine.

Na pesa bado zipo pale pale. Mwaka 2020 Seneti ilikwama mara kwa mara juu ya fomula mpya hadi Septemba, huku kwetu tukisema mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, na kaskazini mkisema mtanyang'anywa. Uzito wa idadi ya watu ulishuka hadi asilimia 18 katika fomula ile. Nilikasirika wakati huo. Leo naona kwamba uzito ukipungua, hamu ya kuongeza majina nayo hupungua. Kwa hiyo sijui tena kama nilikuwa nimekasirikia kitu sahihi.

Mleta mada (Isiolo)

Mfanyabiashara, umenirekebisha na nakubali. Nimekulia mjini, mvua kwangu ilikuwa ni watu kurudi nyumbani kwa sikukuu. Nalifuta pendekezo la mvua.

Nikiunganisha mliyosema, napendekeza hivi. Wahesabiwe jilaal, kwenye visima vinavyodumu. Swali lisiwe umelala wapi, liwe nyumba yenu ya warra iko wapi, nani mama yenu, na je, kuna ndugu yako ameandikwa kisima kingine. Yule wa tatu wa karani wetu ataonekana mara mbili, jina la mama yake litawakutanisha. Makarani waende wawili wawili, mwanamume na mwanamke, na mwanamke aingie ndani ya aqal aongee na wanawake wenyewe. Mandera kila nyumba ina wastani wa watu 6.9 kwa sensa ya 2019, nchi nzima ni 3.9. Nyumba kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa na mzee mmoja akiwa amesimama nje juani.

Kisha namba hiyo ilinganishwe na picha za setilaiti za nyumba, na watoto waliochanjwa, na wanafunzi wa darasa la kwanza. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Watoto wa fora hawako shuleni, na aqal hubomolewa ikapakiwa juu ya ngamia. Lakini vinne vikikubaliana, hata jaji ataona.

Na lifanywe mapema. Misimu mitano ya mvua ilikosekana kuanzia mwisho wa 2020, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini, na familia nyingi zilizobaki mikono mitupu zimejenga pembeni mwa miji. Bulla (mitaa) ambazo sikuwahi kuzisikia nikiwa mdogo sasa zina misikiti miwili. Hao hawako fora wala warra, na hakuna kisima kitakachowaleta. Wanataka karani wa kupiga hodi mlangoni.

Mama wa watoto watano (Wajir)

Naunga mkono, ila sharti moja. Orodha ya majina isifike kwa polisi wala kwa ofisi ya vitambulisho. Iandikwe kwenye sheria na isomwe kwa Kisomali na Kiborana redioni kabla karani hajaja. La sivyo wazee watafanya kama baba yangu.

Mfanyabiashara wa mifugo (Garissa)

Kweli kabisa. Na visima visichaguliwe Nairobi. El Wak maana yake ni visima vya Mungu, huko hakuna haja ya kuuliza, lakini kuna vingine vingi ambavyo ramani haivijui na ndivyo vinavyobeba watu Februari. Upande wa Dadaab na Lagdera nitaviorodhesha mimi, nimenunua mbuzi kwenye vyote. Aliye Habaswein na aliye Tarbaj aongeze vya kwake hapa chini, ataje na ukoo unaonywesha hapo mara nyingi, tuone kama orodha inaweza kufika mia.