Bima ya kazini Kampala inalipia kila kitu isipokuwa ugonjwa nilio nao

Wakuu, imenifika shingoni. Mods msiuhamishe huu uzi kwenye jukwaa la mapishi kama mlivyofanya ule wa presha.

Mimi ni Mtanzania, nina kisukari aina ya kwanza tangu sekondari. Kongosho langu halitoi insulini kabisa. Nisipojichoma nakufa, na ugonjwa huu hauna uhusiano na soda wala wali, kama shangazi zangu wanavyoamini. Mwanza nilikuwa na kadi ya NHIF, nakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, dawa napata, maisha yanakwenda. Ikatokea nafasi Kampala. Barua ya ajira inasema "bima kamili ya afya". Mimi si mtoto, nikauliza kwa barua pepe: insulini imo? Vijiti vya kupimia sukari vimo? Afisa utumishi akajibu, "Madam, usiwe na wasiwasi, kila kitu kimo." Hiyo barua pepe ninayo hadi leo na sitaifuta.

Kadi ya NHIF ukishavuka Mutukula haina kazi, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kadi mpya nayo kwangu ingekuwa hivyo hivyo. Nimeingia famasi Wandegeya, dada wa kaunta kaingiza namba kwenye mashine, kasubiri, kaniangalia kwa huruma: "Nnyabo, wamekataa." Sababu? Ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Mwaka wa kwanza hawalipi hata shilingi. Baada ya hapo watalipa hadi kiwango fulani kwa mwaka, na kiwango chenyewe ukikipigia hesabu insulini inaishia njiani, vijiti unajinunulia.

Sasa sikilizeni kituko. Nimeshuka kwenye boda Ntinda, bomba la moshi likaniunguza shavu la mguu. Kila anayeishi Kampala ana hiyo alama au ana ndugu mwenye nayo. Nikaenda kliniki iliyo kwenye orodha yao, wakasafisha kidonda, wakafunga, wakatuma madai. Yakarudi yamekataliwa: "tatizo linalohusiana na kisukari." Jamani! Kisukari ndicho kilichokuwa kinaendesha boda? Nikapiga simu, kijana akanieleza kwa upole kabisa kwamba kidonda cha mguu kwa mwenye sukari kinahesabiwa kwenye kundi hilo. Kwa hiyo kwa jinsi walivyoandika huo mkataba, figo ikisumbua ni sukari, macho ni sukari, moyo ni sukari, nikianguka ngazi watasema sukari ilishuka. Nimebaki na malaria na mafua.

Na hapa ndipo hasira zangu zinahama kutoka kwa kampuni ya bima kwenda ofisini kwangu. Wakala mmoja wa hiyo kampuni ya bima, mtu mzima mwenye busara, alinieleza kitu ambacho HR, watu wa utumishi ofisini kwangu, hawakutaka nikijue. Bima ya kundi siyo kama ya mtu mmoja. Mwajiri ndiye anayechagua. Angeweza kulipa ada kubwa kidogo, magonjwa sugu yakaingia tangu siku ya kwanza bila kusubiri. Waliletewa chaguo hilo mezani wakalikataa, wakachukua la bei poa, halafu wakaliandika "kamili" kwenye barua za watu. Nilipowaonyesha ile barua pepe wakaanza danadana: mara mwenye faili yuko likizo, mara tusubiri mkataba wa bima uhuishwe. Insulini inasubiri mkataba?

Kuna mwenzangu ofisini kaniambia, "Dada, wewe ungejaza HAPANA kwenye fomu." Msidanganyike na ushauri huo. Ukificha ugonjwa wakija kugundua, na kwa kisukari watagundua kwa kipimo kimoja cha damu, wana haki ya kufuta bima yote, pamoja na ya mumeo na watoto. Tena watagundua siku umelazwa, bili inakimbia.

Mtasema nenda serikalini. Nimekwenda. Hospitali za serikali Uganda zilifuta malipo ya wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, na wauguzi hawakuniuliza pasipoti. Nawashukuru. Lakini insulini iliyokuwepo siku hiyo ni ya mchanganyiko, 70/30. Mimi natumia mbili tofauti, ya saa 24 na ya haraka ya chakula. Ya mchanganyiko inakulazimisha kula kwa saa yake. Kikao kikichelewa hadi saa nane mchana unatetemeka mbele ya bosi. Na mara nyingine hata hiyo haipo, unaandikiwa karatasi ukanunue nje.

Bima ya taifa? Bunge la hapa lilipitisha muswada Machi 2021, Rais Museveni hakuusaini. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki nalo limeanza Julai 2010, tukaambiwa mfanyakazi ahame kwa uhuru. Labda mfanyakazi asiye na ugonjwa. NSSF ya hapa wananikata asilimia 5 bila kuuliza nimetoka wapi, ila hiyo ni ya uzeeni, na uzeeni penyewe nafikaje?

Kwa sasa mdogo wangu ananunua insulini Bukoba na kuja nayo kwa basi. Chupa ya chai, barafu chini, kichupa kimeviringishwa kitenge kisiguse barafu, maana insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Ikifika naiangalia kwenye mwanga kama ile ya haraka imeingia ukungu. Hivi ndivyo mtu mwenye "bima kamili" anavyoishi.

Malalamiko nimepeleka IRA, mamlaka ya bima ya Uganda, wana dawati lake. Mnaojiandaa kuhama, msikubali neno "kamili". Dai jedwali la mafao lenyewe kabla ya kusaini, tafuta ukurasa wa yasiyolipiwa, na daktari wako aandike dawa kwa jina la kitaalamu, si la kibiashara, kwa sababu chapa unayoijua nyumbani huenda huku haipo.

Majina ya kampuni msiniulize PM, sitaji wakati faili liko IRA. Ninachotaka kwenu ni viwili. Aliyewahi kumbana mwajiri wa Uganda kwa barua pepe ya HR, ilikubalika kama ushahidi? Na aliyeko Kampala anayejua famasi yenye glargine ya kalamu, yaani ile insulini yangu ya saa 24, inayowekwa kwenye friji na siyo dirishani, aiandike hapa leo, kalamu niliyo nayo inaishia Ijumaa.