Muuza spea wa Malindi kanimwagia vumbi la Tsavo kwenye kanzu, tena Ijumaa!!

Simtaji jina na hakuna haja, kila mwenye gari ya porini Malindi ashakaa kwenye lile benchi lake akiambiwa "dakika tano tu" mpaka ndevu zikamuota. Leo saa sita na nusu niko njiani naenda msikitini, kanzu nyeupe, mama watoto kaipiga pasi ukiigusa unajikata, nikasema wacha nipite mara moja nimrudishie ile takataka ya filta aloniuzia. Nilikuwa nimebeba kwenye mfuko eyaklina yangu ya zamani, yaani filta ya hewa ya injini, ile ya karatasi, aone saizi anipe kama hiyo. Akaichukua akaigonga kwenye kaunta. TA! TA! TA! Vumbi lote jekundu la Sala geti, kule Tsavo, likanijia mimi kuanzia kola mpaka pindo. Halafu duka limejaa watu akasema, "Mzee, gari yako haina pumu. Pumu iko mfukoni mwako."

Watu wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akashikilia rafu ya plagi asianguke.

Ngojeni niwaeleze. Mimi nina Prado 120, ya dizeli, 3.0, injini ya 1KD, napeleka wageni Tsavo Mashariki kwa njia ya Langobaya na Baolala, siku nyengine Nyari, lile korongo la kule Marafa. Lile vumbi mnalijua, ndovu wenyewe kule wamekuwa wekundu, ukifuatana na gari nyengine mbele ni kama unaendesha ndani ya gunia la pilipili ya unga. Mwezi uliopita nikaenda kwake nikamwambia nataka vitu viwili tu: filta ya karatasi jenuini, na snokeli, ile ya kupandisha bomba la hewa mpaka usawa wa paa gari ivute hewa ya juu ambayo haina vumbi zito. Akaniangalia kama nimeagiza wali wa nazi bila nazi. Ati karatasi ni mambo ya wazee, chukua hii ya koni, ya pamba iliyopakwa mafuta, utaosha urudishe utaosha urudishe mpaka wajukuu wairithi, gari itapumua kama farasi. 12,000. Na snokeli? "Ya nini, wewe mvuvi?"

Wallahi nikanunua. Fundi wake akang'oa lile boksi la plastiki zima akasema analiweka stoo, koni ikabaki wazi ndani ya boneti ubavuni mwa injini. Sasa hewa ya ndani ya boneti mchana wa Malindi si ni tanuri la mofa lile! Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, injini inavuta kingi inapata kidogo, huyo farasi atatoka wapi? Safari ya pili tu yale mafuta ya filta yakarukia sensa ya kupima hewa, ule uzi mwembamba kama unywele, taa ya injini ikawaka, gari ikakosa nguvu, kwenye kamlima kadogo haipandi, mgeni wangu wa Kitaliano anauliza kwa upole kama ashuke asukume. Nikafungua bomba upande wa baada ya filta nikapitisha kidole. Kikatoka chekundu kama cha bibi harusi siku ya hina. Yaani vumbi lilikuwa linapita! Limeenda kusaga mapanga ya turbo, limeenda kwenye ringi, huko ndani Mungu ndiye ajuaye.

Ndio leo nimeenda kumwambia, kwa adabu, nimeanza na salamu. Na yeye jibu lake ndio lile. TA! TA! TA! Na hata ingekuwa ni kusafisha, eyaklina ya karatasi haigongwi hivyo, unapinda ukingo wake wa mpira haikai tena vizuri vumbi linapata mlango, unapuliza upepo mdogo kutoka ndani kuja nje basi. Mtu kauza spea maisha yake yote! Pumu iko mfukoni! Mimi nilimlipa taslimu siku hiyo hiyo, sikumkopa hata nati!

Nimeswali mstari wa mwisho kabisa karibu na viatu. Hii kanzu ni ya Idi.

MwanaSabaki: Pumu iko mfukoni hahahaha nisamehe ndugu yangu lakini hii nitaitumia. Mimi huyo huyo aliniambia gari yangu inafaa kufugiwa kuku, nikanyamaza kwa sababu fanibelti nilikuwa naichukua kwa deni.

FundiWaGede: Pole mzee. Koni si mbaya kwa gari la mbio za lami, kwa Tsavo ndio haifai, inapitisha hewa nyingi lakini na lile vumbi laini linapata nafasi. Tena ukizidisha mafuta baada ya kuosha ndio sensa inakufa. Iyo sensa usiiguse na kitambaa, ina dawa yake ya kupuliza, ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Rudisha boksi la kiwandani, tia karatasi, kisha utafute snokeli, na viungo vyake vyote vizibwe, kiungo kikiwa wazi chini basi hapo juu umeweka pambo.

Mwenye uzi: Shukran fundi lakini hayo nayajua, nimeyaandika hapo juu. Mimi nazungumzia KANZU. Aligonga akiniangalia usoni!

BabuLandi: Vijana mwalia sana. Land Rover ya marehemu baba ina eyaklina ya bakuli la oili, hewa inapita juu ya oili vumbi linazama, likijaa tope unamwaga unatia oili nyengine. Hakuna karatasi, hakuna pamba, hakuna kwenda kutukanwa kwa mtu.

MwanaSabaki: Babu hiyo Land Rover si ndio ile imelala chini ya mwembe tangu tuko shule?

BabuLandi: Imelala betri. Eyaklina ni nzima.

Pwaguzi_Amu: Nyinyi na vumbi lenu mna raha. Sisi huku Amu punda hana filta, lakini huyo huyo mtu wenu wa kaunta alinipa impela, kile kigurudumu cha mbawa za mpira cha kuvuta maji ya kupoza, ya mashine ya boti ya farasi 40, akaapa kwa mama yake kuwa ni jenuini. Natoka Mokowe na abiria kumi na kuku wao, katikati ya mkondo maji ya kupoza hayatoki, mashine imeshika moto ikazima. Kuifungua, zile mbawa za mpira zimekatika zote kama biskuti. Tumeelea, kina mama wananisomea, jogoo anawika.

Mwenye uzi: Wewe alikumwagia kitu chochote mbele ya watu?

Pwaguzi_Amu: Bwana nilikuwa naelea!

ShangaziWaShela: Impela feki nyinyi manahodha ndio mwazipenda kwa bei, halafu abiria akiuliza mwasema ni upepo. Juzi nimelipa nauli yangu kamili nikashushwa kwenye matope, baibui mpaka magotini. Kanzu ya huyo mzee itapelekwa kwa dobi, na mimi je?

Pwaguzi_Amu: Maji yalikuwa yametoka shangazi, boti haitembei juu ya matope.

ShangaziWaShela: Na nauli nayo ilikuwa imetoka.

KijanaWaGongoni: Mzee mwenye Prado usihangaike, boksi la 120 ninalo. Nimelipata juzi kwa jamaa huyo huyo kwa 7,000, zima kabisa, klipu moja tu imefungwa na waya wa shaba.

Mwenye uzi: WAYA WA SHABA?? Klipu ya upande wa betri?? NILIIFUNGA MIMI KWA MKONO WANGU NJIANI BAOLALA! Hilo boksi ni LANGU, alisema liko stoo!!

MwanaSabaki: Wacha we.

FundiWaGede: @Pwaguzi_Amu hiyo impela uliipaka sabuni kabla ya kuitia au uliiweka kavu? Maana ikikauka inakatika hata kama ni jenuini.

Pwaguzi_Amu: Sabuni ya nini tena jamani, niliitia mate.

ShangaziWaShela: Mnasikia wenyewe. Mate. Na ndio mtu tunayempandia.